Amana ya Nyumba Mpya

Nyumba ikikamilika husomwa dua, jamaa hula, na mwenyewe hupongezwa. Siku hiyo hudhani kazi imekwisha, kumbe ya pili ndiyo imeanza. Chokaa ingali ikinywa hewa ili ishike, nayo masika ya kwanza yanakuja. Maji yakipata upenyo juani mwa paa, hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye ncha ya boriti, ikaoza pasipo jicho kuona.

Wahenga walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi husikia humo hesabu ya mali tu. Lakini ukuta unaoanguka hauchagui mkosa. Beit al-Ajaib ya Unguja, fahari ya mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, hali ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Waliouinua ukuta ule walikwisha kuzikwa zamani.

Basi kujenga ni haki ya mwenye nyumba. Kuitunza ni deni lake kwa mjukuu, mpangaji na mpita njia asiyemjua. Mjenzi hutungiwa mashairi. Apandaye kuzibua mlizamu kabla ya mvua hatungiwi, na watu hulala salama chini yake.