Binti wa Yairo Alipewa Chakula

Somo: Marko 5:35–43



Binti wa Yairo alikuwa na miaka 12. Tukihubiri habari zake huwa tunaishia pale alipoinuka kitandani, tunapiga vigelegele na kufunga Biblia. Marko haishii hapo. Anaeleza kwamba watu wakiwa bado wameduwaa, Yesu aliagiza mtoto apewe kitu cha kula. Mimi muuguzi naupenda sana mstari huo. Aliyemtoa mautini alijali pia tumbo lake.

Naleta somo hili kwa ajili ya vijana wetu, hasa mabinti. Wanajinyima chakula. Wanatazama miili kwenye simu, kisha wanaagiza vidonge na chai za kukondesha, na mzigo unafika mlangoni wakati mzazi yuko kazini. Wengine wakiulizwa husema, "Nimefunga." Lakini Isaya 58 inauweka mfungo pamoja na kumgawia mwenye njaa mkate. Anayeacha kula ili suruali imkae hajafunga, ana njaa.

Kuna dawa iitwayo sibutramini. Iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Hata hivyo imeendelea kukutwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba, bila kuandikwa kwenye paketi. Binti anaweza kusoma kila neno la paketi na bado asijue anameza nini. Ukiona moyo wake unakwenda mbio, hapati usingizi na presha imepanda, uliza kuhusu vidonge.

Chai nazo, nyingi zina sanamaki. Bibi zetu wa pwani waliijua, na hapa Oman pia inajulikana: ni dawa ya choo kigumu. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa karibu chote kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo mafuta ya mwili hayaguswi. Kinachotoka ni maji, pamoja na madini ya potasiamu ambayo moyo unayategemea. Potasiamu ikishuka mno, mapigo ya moyo huvurugika na yanaweza kusimama, hata kwa mtoto ambaye kwa macho hajakonda.

Njaa yenyewe hukata hedhi na kudhoofisha mifupa, tena katika umri ambao mifupa ndiyo inajengwa.

Kama mtoto hajala vizuri kwa siku nyingi, msimlazimishe sahani kubwa ya wali siku hiyo hiyo. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu hushuka kwa hatari. Mpelekeni hospitali kwanza, arudishwe kula kidogo kidogo. Akizimia au akilalamika maumivu ya kifua, pigeni 9999.

Sasa sisi wazazi. Kwetu kumwambia mtu "umenenepa" ni kumsifu kwamba amenawiri. Mtoto aliyekulia Muscat anasikia tusi, na shangazi anapolisema mbele ya wageni, analala nalo. Tuliache neno hilo. Akina baba nao wasiseme haya ni mambo ya mama na binti: Yairo, mkuu wa sinagogi, alikwenda mwenyewe akaanguka miguuni pa Yesu.

Tena angalieni Yesu alivyofanya. Waliocheka aliwatoa nje. Akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu, akakataza habari zisienezwe. Basi shida ya binti isigeuzwe ombi kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia njema.

Ijumaa hii baada ya ibada nitakaa kwenye chumba cha Shule ya Jumapili. Kijana anaweza kuja peke yake au na mzazi. Kama una vidonge, njoo navyo pamoja na paketi yake. Mlango utafungwa.