Chuma Kilichomo Damuni



Mama mmoja mzee wa mtaa wetu aliandikiwa na daktari akapigwe picha kwa mashine ya sumaku, ile iitwayo MRI. Hakwenda. Mjukuu wake alikuwa amemsimulia habari za Magneto, mtu wa vitabu vya katuni vya Kimarekani aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, ambaye huamuru vyuma kwa mkono mtupu. Kijana akaongeza kwamba hata chuma cha damuni hukivuta kikatoka. Siku ya miadi ikapita, bibi yuko nyumbani.

Tusimcheke. Damuni mna chuma kweli. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 mwilini mwake, na sehemu kubwa imo katika damu. Lakini katika msumari chembe za chuma zimeshikamana makundi makundi, na sumaku ikikaribia huelekea upande mmoja kwa pamoja. Ndiyo maana msumari huruka. Damuni kila chembe imekaa peke yake, imefungwa ndani ya himoglobini ibebayo oksijeni. Tena himoglobini iliyobeba oksijeni husukumwa mbali na sumaku, kidogo mno. Ikishautua mzigo huo huvutwa, nako kidogo mno. (Nilipoambiwa hayo mara ya kwanza nilidhani nataniwa.) Muumba alikiweka chuma hicho kituchukulie pumzi.

Watunga katuni hawakukosea yote. Mwaka 1997, huko Nijmegen, Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimfanya chura hai aelee hewani kwa sumaku ya tesla 16 hivi. Si kwa chuma: maji ya mwili wake ndiyo yaliyosukumwa. Naye alitoka salama. Mashine nyingi za hospitali ni za tesla 1.5 au 3 tu.

Hatari iko kwingine. Mkasi, ufunguo, hata mtungi wa gesi waweza kurukia mashine. Na kipande cha chuma kilichosalia jichoni mwa fundi, au kifaa cha mapigo ya moyo, chaweza kuleta madhara. Kwa hiyo ndugu, ukiulizwa mlangoni, sema kweli yote, hata jeraha la zamani unaloona haya kulitaja.

Bibi amepewa siku nyingine. Mjukuu atamsindikiza, amshikie hereni zake.