Msomi na Kitambi Chake

Socrates alishikilia kwamba hakuna atendaye baya huku akijua kweli kuwa ni baya. Anayekosea amepungukiwa na ujuzi. Aristotle hakuridhika, kwani aliona watu wanaojua vyema lililo jema na bado wakashindwa na tamaa. Ubishi huo haujaisha. Kila bango la afya linalodhani mwananchi akishaelezwa atabadilika limeegemea upande wa Socrates, na kijuujuu takwimu zinalitetea: katika nchi tajiri, waliosoma zaidi huvuta sigara kidogo na huishi miaka mingi. Hata hivyo, naona elimu humpa mtu uwezo wa kuchagua, bila kumwamulia achague nini.

Tuangalie kwetu. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28. Waliolemewa zaidi walikuwa wa mjini na wenye kipato, na huko Kenya waliosoma waliwazidi wasiosoma. Cheti kilileta kazi ya kukaa kutwa, gari, na pesa ya chipsi kuku. Mwanamke anayelima kwa jembe hajahudhuria semina yoyote ya mazoezi, lakini jembe lenyewe ni zoezi. Kwa UKIMWI mambo yalikwenda hivyohivyo: miaka ya mwanzo, tafiti nyingi za Afrika ziliona maambukizi zaidi kwa waliosoma, wenye safari na fedha. Habari za kujikinga zilipoenea, mwelekeo ulianza kugeuka, na katika vijiji vya Uganda waliosoma ndio waliozifuata zaidi. Shule ni zilezile, matokeo yakapishana.

Mpinzani atataja madaktari wa Uingereza, ambao wengi wao waliacha sigara baada ya watafiti Doll na Hill kuonyesha mwaka 1950 kwamba inahusiana na saratani ya mapafu. Ni kweli, na bila ujuzi ule wasingeacha. Lakini daktari aliyeacha alikuwa na wenzake wanaoacha, na wodini aliwaona wanaokufa. Nchi hiyohiyo ilipandisha umri wa kuacha shule kutoka miaka 14 hadi 15 mwaka 1947, kisha 16 mwaka 1972. Watafiti Clark na Royer walipolinganisha waliozaliwa kabla tu na baada tu ya tarehe zilizoamua nani anabanwa na mabadiliko hayo, hawakuona nafuu ya maana katika afya wala vifo. Nadhani sababu ni kwamba mwaka ule wa ziada wa shule walipewa wote, kwa hiyo haukubadili sana nafasi ya mtu miongoni mwa wenzake, na nafasi hiyo ndiyo yenye mshahara, mtaa na marafiki wa kuiga.

Wengine watasema hoja hii inamvua mtu wajibu. Sivyo. Waislamu huuona mwili kuwa amana, Wakristo huuita hekalu, na amana hudaiwa kwa kadiri ya uwezo wa aliyekabidhiwa. Anayekula anachopata ana hesabu nyepesi. Mwenye shahada, mshahara na nafasi ya kuchagua ana hesabu nzito. Mhubiri anayetaka kukemea ulafi na uvivu Ijumaa au Jumapili hii, na aanze na safu za mbele.