Jemedari na Wadogo Wake

Somo: 2 Wafalme 5:1–14

Wapendwa, Naamani alikuwa mtu mkubwa huko Shamu: jemedari wa jeshi, kipenzi cha mfalme, ana ushindi nyuma yake na ukoma mwilini. Tukisoma habari zake huwa tunakimbilia Yordani, pale anapojichovya mara saba. Juma hili nawaomba mkae kidogo na watu ambao Biblia haikuwapa hata majina: kijakazi aliyetekwa vitani, na watumishi waliofuatana na bwana wao.

Binti yule ndiye aliyejua nabii alipo. Na Naamani alipofura kwa hasira kwa kuambiwa ajioshe Yordani, akiisifu mito ya kwao, Abana na Farpari, watumishi ndio waliomsogelea, wakamwita baba, wakamweleza kwa adabu kwamba anakosea. Akawasikia! Kwangu mimi, muujiza wa kwanza ulitokea hapo njiani, kabla hajalowa maji.

Nimeifikiria sura hii kwa ajili ya wastaafu wa jeshi walio kati yetu hapa Kitengela, hasa wanajeshi wa anga wanaovua sare na kwenda kurusha ndege za abiria. Vijana wetu wanaitamani kazi hiyo. Wanaziona ndege zinazoelekea uwanja wa Jomo Kenyatta, wanajua kwamba kule Olooitikosh kuna kiwanja cha Orly, na wanaota ile mistari minne ya kapteni begani. Mimi ningewaonyesha kwanza kiti cha kulia.

Aliyerusha ndege za kivita za F-5 kutoka Laikipia, kule Nanyuki, alizoea upweke. Nyingi kati ya ndege hizo, ambazo Kenya ilianza kuzipata mwishoni mwa miaka ya 1970, zina kiti kimoja tu. Akihamia shirika la ndege, hata awe meja, kuna leseni ya kiraia ya kutafuta, na kwa kawaida huanza kulia, rubani msaidizi, pengine kando ya kapteni aliyezaliwa yeye akiwa tayari kambini. Na siku atakapokaa kushoto, yule mdogo wa kulia atakuwa na wajibu wa kumwambia: kapteni, mwendo umepungua, kapteni, mnara haujaturuhusu. Kwa mtu aliyelelewa na amri, maneno hayo ni machungu kama maji ya Yordani yalivyokuwa kwa Naamani.

Al Haynes aliyameza. Alikuwa rubani wa kijeshi katika kikosi cha Marine cha Marekani kabla ya kuajiriwa na shirika la ndege la United. Tarehe 19 Julai 1989 injini ya mkiani ya DC-10 yake ilipasuka na kuharibu mifumo yote mitatu ya haidroliki. Usukani ukawa hauna kazi. Miongoni mwa abiria alikuwamo rubani mkufunzi, Dennis Fitch. Haynes alimkaribisha mbele, akamwachia mikono ya nguvu za injini, na kwa injini mbili zilizobaki wakaifikisha ndege Sioux City. Ilivunjika ikitua. Kati ya watu 296, 184 walipona. Hadi anafariki mwaka 2019, Haynes alikataa sifa za peke yake. Alisema waliokolewa na mafunzo ya kusikilizana.

Sisi Wakenya tuna kumbukumbu ya upande wa pili. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari ya 507, iliruka kutoka Douala bila idhini ya mnara. Ikainamia kulia polepole gizani, ikaanguka kwenye kinamasi, na watu wote 114 wakafa. Ripoti ya uchunguzi ilitaja, pamoja na mengine, kwamba marubani hawakushirikiana ipasavyo. Silisemi hili kuwahukumu marehemu. Familia zao bado zinaomboleza.

Wenyeji wetu Wamaasai walilijua jambo hili la mwenye nguvu kujinyenyekeza, bila injini. Katika sherehe ya Eunoto, morani anapoanza kuuacha ujana wa vita, mama yake ndiye anayemnyoa nywele alizozifuga kwa miaka. Kijana mwenye mkuki anaketi chini na kuinamisha kichwa. Wapo wanaume wanaolia siku hiyo, na hakuna anayewacheka.

Wastaafu wapendwa, nchi iliwafundisha kuamuru, na tunawashukuru. Lakini nyumbani kuna binti wa kidato cha pili anayeona jambo ambalo wewe hulioni. Je, anathubutu kulisema mezani? Na sisi wachungaji tusijifiche nyuma yenu, maana madhabahu nayo ina kiti chake cha kushoto.

Jumatano kamati ya ujenzi itakutana. Nimemwomba karani wetu, mdogo kuliko sisi sote, asome hesabu kwanza na aseme anachoona kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. Mwenyekiti ni mimi.