Nani Alikuwa Anafua Yunifomu ya Papa?

Kuna swali ambalo mashabiki wa Papa Shirandula hawajawahi kulimaliza, na kadiri ninavyozidi kukaa Nairobi ndivyo linavyozidi kunikalia kichwani: yule mzee alimkosea mkewe au hakumkosea?

Nikukumbushe, kama ulikuwa mdogo au kama kwenu rimoti ilikuwa mikononi mwa watu wa mpira. Kipindi kilirushwa na Citizen TV kwa karibu miaka 10, kuanzia mwishoni mwa muongo ule wa 2000. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko, ni soja. Kazi yake ni geti: afungue, afunge, apige saluti, afokewe. Lakini kwa mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Nyaminde, Papa ni mtu wa ofisi. Asubuhi anatoka nyumbani na suti, na chini ya suti amevaa yunifomu. Akifika kazini anavua ya juu. Jioni anairudisha. Kipindi chote kinaning'inia kwenye suti hiyo.

Wengi hukiita kichekesho. Sawa, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ila kwetu Budalang'i kilitazamwa kama tamthilia ya familia, na nadhani watu wetu ndio waliokielewa. Vichekesho vilikuwa getini, lakini hofu yote ilikuwa nyumbani. Leo atajulikana. Leo mtu atatoka kijijini amkute na rungu. Leo Wilbroda atapita kazini bila kutangaza. Nimeona watu wazima wakishika kichwa na kuiambia televisheni, "Papa, kimbia!"

Ukiufuata mto Nzoia mpaka mahali unapoingia ziwani, umefika kwetu. Mto huohuo unaotuletea udongo mzuri ndio unaovunja kingo na kuja kulala ndani ya nyumba. Ulikuja 2008, ukaja 2011, na 2020 ukaja ukiwa umeandamana na ziwa lenyewe. Mahindi yakishaozea shambani, nyumba inapiga hesabu: nani aende Nairobi? Anayeenda anatafuta jamaa aliyetangulia, na jamaa aliyetangulia yuko getini. Hivyo ndivyo geti moja linavyozaa geti jingine. Kenya ina mzaha wake wa zamani kwamba Mluhya ni askari au mpishi. Huo mzaha hauna habari ya Nzoia.

Tulikuwa tunatazama katika duka moja Port Victoria, televisheni ya mgongo mkubwa ikila betri ya gari. Mwenye duka alitaka ununue kitu, kwa hiyo soda moja ilikuwa inanywewa na watu wanne. Nusu ya waliokaa kwenye zile benchi walikuwa na baba, kaka au mume aliyelinda mali ya mtu mahali fulani. Hilo halikutajwa. Kilichotajwa ni mwendo wa Papa, tumbo la Papa, ulimi wa Papa. (Kuhusu ulimi: Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yaani Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili cha Mjaluo miaka na miaka, na nchi ikampenda hivyo hivyo mpaka alipofariki Julai 2015. Bukeko hakuhitaji kuazima. Alikuwa mtu wa Busia, na ule uzito ulikuwa wa nyumbani. Kucheka ulimi wako mwenyewe kuna raha yake.)

Kipindi kikiisha, kesi ilianza. Wanaume walikuwa na utetezi mmoja ambao sijawahi kuusikia ukibadilika: mshahara ulifika? Ulifika. Watoto walikula? Walikula. Sasa suti imemuumiza nani? Kwao Papa alidanganya kwa mapenzi. Akina mama vijana walikataa. Walisema mwanamume anayekuficha kazi atakuficha na nyumba nyingine. Mabishano yaliendelea mpaka mwenye duka akatoa waya kwenye betri.

Mama mzaa mama yangu, Kukhu, aliuza omena karibu na lile duka na wakati mwingine aliketi benchi ya nyuma akipumzisha miguu. Hakuwa shabiki wa kelele. Usiku mmoja, kesi ikiwa imepamba moto, aliuliza kwa Kinyala, nami nalitafsiri nikijua nalipunguzia makali: "Hiyo yunifomu inafuliwa na nani?"

Duka zima likanyamaza.

Fikiria. Papa anavaa yunifomu siku nzima juani, kisha anavaa suti juu yake anarudi nyumbani. Usiku anavua vyote viwili. Kola ina jasho, kiwiko kimechakaa kwa kuegemea ukuta, buti zina vumbi ambalo ofisi haina. Mwanamke anayeishi na mtu huyo, anayejua idadi ya vifungo vya kila shati lake, atakosaje kujua? Kukhu alisema Wilbroda amejua siku nyingi. Anamwachia tu.

Kwenye kipindi chenyewe Wilbroda anadanganywa kwelikweli, bila hivyo hakuna kichekesho. Lakini shabiki ana haki ya kuona kile kamera ilikipita, na tangu usiku ule mimi nimemtazama Wilbroda kwa namna nyingine. Kila anapojigamba mbele ya majirani kuhusu mume wake wa ofisi, najiuliza kama anajivunia au anamkinga.

Chuoni nilikutana na Immanuel Kant, yule Mjerumani, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza kama rafiki yako amejificha ndani, huna haki ya kumdanganya. Darasa lilimcheka. Mimi nilikuwa nawaza mageti. Soja anasimama mahali palepale Kant alipokuwa anapazungumzia, na anadanganya kila siku kwa mshahara. "Bosi hayupo, ametoka." Bosi yupo, gari lake lile pale, injini bado ina moto. Uongo huo hakuna anayeuita dhambi. Ukikataa kuusema unafutwa kazi. Mtu anayelipwa kudanganya kwa ajili ya heshima ya mwingine, akidanganya mara moja kwa ajili ya heshima yake mwenyewe, ndipo tunaitisha kesi dukani.

Kwa hiyo namwelewa Papa. Lakini kumwelewa hakumalizi swali, na mapenzi ya aina ile ya Kukhu, ya kujua na kunyamaza, yananitia hofu. Sababu ni mjomba wangu.

Mjomba alilinda kampuni moja Industrial Area kwa miaka 19. Nyumbani alijulikana kama karani. Sijui neno hilo lilianzia wapi, pengine hata si yeye aliyelitamka kwanza. Pengine mtu alimwona na viatu vyeusi vya kung'aa, akamaliza hadithi mwenyewe. Likishakuwa karani, limekuwa karani. Kwenye harambee aliwekwa meza kuu. Kwenye kamati za mazishi aliandikwa wa tatu. Na hapa ndipo suti inapoanza kula watu: soja akitoa shilingi 200, anapigiwa makofi. Karani akitoa 200, watu wanatazamana. Mjomba alitoa 5,000 za shailoki, akalipa kwa mshahara wa mwezi uliofuata, akakopa tena ili watoto wasome. Alilipa karo za wapwa, mimi nikiwemo. Alipostaafu alirudi na begi na redio, na watu wakaanza kuuliza pesa za ofisi alizificha wapi.

Alipofariki, tulipokuwa tunatoa vitu chumbani, tulipata kabuti lake la usiku chini ya kitanda, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa na vidonge vya nondo ndani. Mama yangu aliuliza ni la nani. Mke wa mjomba akasema, kama mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba ni la baba, na kwamba alikuwa akimfulia kila likizo akiwa amelala.

Mjomba huyo alikuwa mtoto wa Kukhu. Usiku ule dukani, alipouliza kuhusu yunifomu, hakuwa anabahatisha.

Nyumba nzima ilijua basi. Mke alijua, mama alijua, na kila mmoja alimlinda mwenzake kwa adabu kubwa. Na kwa sababu ya adabu hiyo, miaka 19 hapakuwa na jioni hata moja ambapo mume na mke waliketi wakasema: mshahara ni huu, harambee ya Jumapili hatuendi. Hawangeweza. Ukimwambia mkeo mshahara unaishia wapi, umemwambia na kazi. Naye akikuuliza kwa nini tunakopa, amekuambia kwamba anajua. Deni lilikaa katikati yao kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kumuuliza ataondoka lini.

Hapo ndipo naachana na utetezi wa wanaume wa dukani. Suti ilimuumiza mtu. Hata kama Wilbroda anajua, suti inamnyima sauti ndani ya nyumba yake, maana kujua usichoruhusiwa kukisema hakukusaidii kuamua chochote. Kant ni mgumu kama kuni mbichi, lakini angekubaliana nami kidogo. Nami simwekei Papa lawama yote. Kuna watu walioshona hiyo suti, na baadhi yao walikuwa wameketi kwenye zile benchi wakinywa soda ya watu wanne. Sisi tulimpenda Papa kwa sababu tulijua siri ambayo Wilbroda hakuijua. Tukaomba asishikwe. Kisha matangazo ya biashara yakija, mtu anamgeukia mwenzake: "Na karani anakuja lini?"

Bukeko alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020, korona ikiwa imefunga kila kitu, akazikwa siku mbili baadaye nyumbani kwao Kaunti ya Busia, kwa masharti ya wakati ule. Mtu aliyejaza sebule za nchi nzima alizikwa na wachache. Upande wetu wa Budalang'i familia nyingi zilikuwa bado kambini, maji hayajatoka kwenye nyumba, na hata huko kambini watu walikuwa wanarushiana vipande vya Papa kwenye simu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kila mmoja aliamini chake ndicho bora. Sijaona msiba mwingine ambapo watu wanalia na kucheka kwa pumzi moja namna ile.

Wiki hiyo nilizungumza na soja wa ploti yetu, kijana wa umri wangu, kutoka Vihiga. Nilitaka kujua kama kipindi kile hakikumkera. Nilikuwa na hoja yangu tayari: kwamba tumecheka rungu mpaka wenye rungu wakalazimika kulificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini wewe, yule mzee alivaa hii yunifomu mbele ya Kenya mzima. Nani mwingine aliivaa?"

Sikuwa na jibu, na bado sina zuri. Ni kweli kwamba ndani ya hadithi suti ilivaliwa juu ya yunifomu. Lakini sisi watazamaji tulionyeshwa yunifomu kila wiki, kwa miaka, na aliyekuwa amevaa ndiye tuliyempenda kuliko bosi, kuliko majirani, kuliko wenye magari. Kwa nusu saa soja alikuwa na jina, mke, wivu na njaa. Ukitoka hapo ukapita getini kwenu, huenda umesalimia. Mapenzi yaleyale yaliyomdhihaki yalimpa sura.

Ila mapenzi hayapandishi mshahara. Mwanzoni mwa 2024 mamlaka inayosimamia walinzi binafsi ilitangaza kima cha chini cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Suala likafika mahakamani, agizo likasimamishwa. Nashuku kwamba wengi wa waliolipinga wanaweza kuigiza mwendo wa Papa.

Na usidhani suti imepitwa na wakati. Nina rafiki mwenye digrii ya takwimu anayepeleka chakula kwa pikipiki Kilimani. Kwao wanajua yuko "mambo ya data." Kabla ya kumpigia mamake simu ya video anavua koti la kazi, analisukuma chini ya kiti cha pikipiki, anasimama mbele ya ukuta wa kioo wa jengo la mtu. Mamake amemwambia anapendeza. Wapwa wawili wanasubiri karo. Hesabu hiyo tayari naijua.

Yule soja wa ploti sasa amehamia geti jingine, Ngara. Nilipokutana naye mwaka huu nilimuuliza kwao wanajua anafanya nini. Akasema wanajua, aliwatumia picha akiwa na yunifomu, kofia na kila kitu. Mamake akaenda kuichapisha mjini, akaitundika sebuleni. Babake akaihamishia chumbani. Mamake akairudisha sebuleni. Mara ya mwisho alipopiga simu, alisema, ilikuwa sebuleni.