Shamba la Miti Linauzwa

Huko Njombe, kwenye ukungu wa Nyanda za Juu Kusini, neno hili husikika kila mara: shamba la miti linauzwa.

Mnunuzi hupanda mteremko. Hushika shina la msindano, hutazama kilele, huhesabu mbao kichwani. Anatazama juu. Atazame na chini.

Maana kilima ni mtungi. Mvua hunyesha, udongo uliofunikwa na majani makavu huinywa taratibu, na bondeni chemchemi hutoka hata kiangazi. Mtungi ukipasuka, mama mwenye ndoo ndiye anayetembea mbali zaidi. Mikaratusi ikipandwa karibu na chemchemi huunyonya mtungi huohuo. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji, na inafaa iheshimiwe hata pale asipopita mkaguzi.

Ardhi yenyewe Tanzania ni ya umma. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia, pamoja na miti iliyosimama.

Basi, msikilizaji unayekwenda leo kuonyeshwa shamba, kabla hujatoa fedha, shuka kwanza bondeni. Waulize wanaochota maji pale.