Neno la Kiongozi ni Deni

Ahadi ni deni, walisema wahenga wetu. Kila mtoto aijua methali hiyo kabla hajajua kusoma, na kila aliyewahi kukopa sukari kwa jirani ajua uzito wake. Lakini deni la maneno lina tabia yake. Mwenye kudai fedha huja kubisha hodi mlangoni. Mwenye kudai neno mara nyingi hunyamaza, akaenda zake taratibu. Na siku kiongozi atakapomwita tena, hataitika.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu malalamiko yale yale husikika pande zote. Viongozi wasema kwamba watu hawawaamini; watu nao wasema kwamba viongozi hawasemi kweli. Wako wanaodhani dawa yake ni ufasaha: kiongozi ajifunze kusema vizuri, atumie redio na simu za mkononi, awafikie watu wengi kwa muda mfupi, nao watamwamini. Hatudharau vyombo hivyo, maana gazeti hili nalo ni chombo. Lakini chombo hakiongezi thamani ya kilichotiwa ndani yake. Swali letu ni jingine, nalo ni gumu zaidi: kiongozi aliyeahidi kwa moyo mnyofu, kisha ahadi ikamshinda, anadaiwa nini na watu wake?

Yuko aahidiye huku akijua kwamba hatatenda. Huyo ni mwongo, na hukumu yake haina utata. Twamsema yule mwingine, mwenye nia njema. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilipima jambo lake kwa makini. Alifundisha kwamba aahidiye akiwa na nia ya kutenda hasemi uongo, kwa kuwa ulimi wake wakubaliana na moyo wake. Asipotenda, aonekana amevunja uaminifu. Hata hivyo aweza kuwa na udhuru, ikiwa alichoahidi kilikuwa haramu, au ikiwa hali ya watu na ya mambo imebadilika. Mwalimu huyo huyo alifundisha pia kwamba wanadamu hawawezi kuishi pamoja wasipoaminiana kuwa huambiana kweli.

Basi, udhuru upo. Lakini udhuru uliofungiwa moyoni mwa kiongozi wamfaa nani? Mbele ya Mungu aonaye mioyo, huenda kiongozi huyo hana hatia. Mbele ya watu, wasioona mioyo, bado anadaiwa, nalo ni deni la maelezo.

Mtume Paulo alipatwa na jambo hili. Aliwaahidi Wakorinto kwamba angepita kwao, kisha akabadili safari. Wakanung'unika kwamba mtu huyu ni kigeugeu, ndiyo yake na siyo yake haziachani. Paulo angaliweza kuwajibu kwamba yeye ni Mtume, wala hana haja ya kujieleza kwao. Hakufanya hivyo. Katika barua yake ya pili kwao alimwita Mungu awe shahidi, akawaeleza sababu: hakuja kwa kuwa alitaka kuwahurumia, asije akawatia huzuni tena. Kisha akawakumbusha kwamba yeye na wenzake si mabwana juu ya imani yao, ila ni watenda kazi pamoja nao. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo. Anayejiona bwana hutoa amri na kunyamaza. Anayejiona mtenda kazi pamoja na wengine hujiona anawiwa nao maelezo.

Katika nchi yetu tunao mfano ambao wazee wetu waliuonja. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa, akatangaza kwa maneno machache na yaliyo wazi kwamba tutapigana, na kwamba sababu, nia na uwezo tulikuwa navyo. Watu walimwamini, wakatoa mali zao na vijana wao. Na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukatwaliwa. Neno lile lilitimia.

Neno jingine halikutimia. Baada ya vita Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa muda wa miezi 18, mpaka nchi ipate nafuu. Miezi 18 ikapita, nafuu isionekane. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha vunjika mwaka 1977. Bei ya mafuta ilipanda sana tangu 1979. Na vita yenyewe ilikuwa imekula akiba ya taifa. Akina mama waliendelea kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, sukari na kipande cha kitambaa, na hali hiyo ikaingia ndani kabisa ya miaka ya 1980. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawajaisahau miezi 18 ile.

Je, Mwalimu alidanganya? Hatudhani hivyo. Ndio udhuru ule wa Mtakatifu Tomaso: mambo yalibadilika, na mengine hayakuwa mikononi mwake. Lakini twapenda kulitazama jambo jingine katika mtu huyo. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini ya Azimio lile, akakiri waziwazi kwamba nchi ilikuwa bado mbali na ujamaa, na mbali na kujitegemea. Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, alikiri tena kwamba kuziondoa serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvunja vyama vya ushirika mwaka 1976 kulikuwa makosa. Kukiri huko hakukumrudishia mkulima ushirika wake kwa siku moja, wala hakukufupisha foleni. Sera zake na zihukumiwe na wanahistoria. Sisi twasema hili tu: alijua kurudi mbele ya watu na kutaja kosa kwa jina lake, na neno la mtu wa namna hiyo huendelea kusikilizwa hata na wale wasiokubaliana naye.

Nasi mapadre hatujitoi katika lawama. Miaka ya kwanza ya upadre wetu, tulipokuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya mashambani, tulitangaza baada ya Misa kwamba kisima kipya kitakuwa tayari kufikia Pasaka. Tulikuwa tumeahidiwa fedha, nasi tukaamini. Fedha hazikuja. Pasaka ikapita, Pentekoste ikapita, nasi tukawa tunatangaza habari zote isipokuwa ya kisima. Hatukuwa tumekula hata senti moja. Tuliona haya tu. Asubuhi moja mama mzee mwenye ndoo kichwani alitusimamisha njiani.

“Tumsifu Yesu Kristo, Padre.”

“Milele amina, Mama.”

“Padre, ile Pasaka uliyotuambia ilikuwa ya mwaka gani?”

Dominika iliyofuata tulisimama tukaeleza mambo yote. Hakuna aliyetukemea. Lakini mzee mmoja alisema neno lililotuchoma kuliko kemeo: tangu siku ya lile tangazo watu walikuwa wameacha kukitunza kisima cha zamani, kwa kuwa kipya kinakuja, na sasa kuta zake zilikuwa zimebomoka. Wangaliambiwa mapema, wangalikitengeneza kabla ya mvua.

Tangu siku hiyo tumeelewa kwa nini kunyamaza ni kosa, si aibu tu. Watu hupanga maisha yao juu ya neno la kiongozi. Hupanda au huacha kupanda. Hujenga au hungoja. Neno likibadilika, naye asiwaambie, awaacha wakiegemea ukuta ambao yeye ajua umekwisha anguka. Kila siku ya ukimya wake ni siku aliyowanyang'anya. Kwa hiyo maelezo si hisani ya mkubwa kwa wadogo. Ni haki yao.

Wako watakaosema kwamba mkubwa akikiri kushindwa hushusha heshima yake. Sisi twaona kinyume. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu hujua kwamba kisima hakipo, maana wanakwenda mtoni kila siku. Wasichokijua ni kama kiongozi wao naye anajua, na kama anajali. Wengine watasema kwamba yako mambo yasiyoweza kutangazwa. Ni kweli: ziko siri za vita, na liko jina jema la mtu lisilofaa kuchafuliwa. Lakini kiongozi aweza kusema, “Jambo hili siwezi kulieleza sasa,” na hajasema uongo. Kunyima habari kwa sababu ya haki ni jambo moja. Kutoa habari ya uongo ni jambo jingine.

Basi, kiongozi na aahidi machache, tena aseme tangu mwanzo ni sharti gani likikosekana ahadi haitatimia. Mambo yakibadilika, awahi yeye mwenyewe kuja kuyasema, asingoje kuulizwa njiani. Na akiisha kusema, akae akaulizwe, kwa maana hotuba isiyo na nafasi ya maswali ni nusu ya mazungumzo.

Wala tusiyaache maneno haya kwenye milango ya wakubwa. Baba aliyemwahidi binti yake karo ya shule, na mavuno yakampinga, amwite binti huyo jioni, ampe hesabu ya magunia. Huenda binti atalia. Lakini atajua jinsi mambo yalivyo, na labda wawili hao, pamoja na mama, wataona njia nyingine kabla muhula haujafunguliwa. Nyumba iliyozoea kuelezana hivyo itatoa wenyeviti wa vijiji, walimu, na, Mungu akipenda, mapadre watakaojua kusimama mbele ya watu na kusema: “Tuliahidi, haikuwezekana, na sababu ni hii.”